Steringi asiyepigika ana stori gani?

Mwezi huu zimeingia barua tatu zinazogusa jambo moja, nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza ndo iliyonikalisha zaidi kwahiyo jibu lake limekuwa refu, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi nachora komiki, nina kama miaka miwili nahangaika na shujaa wangu mmoja, kijana anapaa, risasi zikimgonga zinadondoka chini, moto haumuunguzi na anasikia kila sauti duniani. Nimeshafika kurasa karibu sitini. Juzi nikampa rafiki yangu asome, kasoma kurasa kumi akanirudishia, akasema huyu jamaa anaboa, hapigiki, kila ugomvi najua atashinda, mpunguzie nguvu au mtafutie kitu cha kumuua. Roho imeniuma maana nampenda alivyo. Naomba uniambie ukweli, mtu mwenye nguvu kupita kiasi anaweza akawa na kasoro kama sisi na stori yake ikasomeka? Au hao supahiro wakubwa wanasomwa kwa sababu ya jina tu? Na nikimpa kasoro si ndo nitamgeuza jambazi?
Mchoraji chipukizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usimpunguzie nguvu, na hicho kitu cha kumuua usikitafute. Rafiki yako kaona ugonjwa wa kweli ila dawa aliyokupa sio yake. Stori inaboa, sawa, lakini haiboi kwa sababu jamaa ana nguvu, inaboa kwa sababu kurasa zote hizo unamuuliza msomaji swali moja tu, atashinda au hashindi, na jibu analo tangu ukurasa wa kwanza.

Sisi tumekua na ule msemo wa steringi hafi. Kila aliyewahi kukaa mbele ya tivii anaujua, hata ukute kazungukwa na watu mia na mkononi hana hata kijiti unajua kabisa atatoka, na bado huondoki. Kwa nini huondoki? Kwa sababu kuna mambo mengine huyajui. Hujui kama atasamehe, hujui kama safari hii atamwambia mama yake ukweli au atadanganya tena, hujui akishamaliza kushinda atabaki na nani. Nguvu inaua swali moja tu, lile la ngumi. Maswali mengine yote yako pale pale na mengi yanakuwa makali zaidi, maana mimi nikishindwa kukuokoa ntasema sikuwa na uwezo, yeye atasema nini?

Halafu udhaifu na kasoro ni vitu viwili, watu wanavichanganya sana. Chukua lile jiwe la kijani linalomlegeza Superman, Kryptonite. Lilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, kwenye komiki zenyewe likaja kuingia 1949. Jiwe likisogezwa anaanguka. Sawa, tumejifunza nini kuhusu yeye? Hakuna. Angekuwa mpole angeanguka, angekuwa mkorofi angeanguka vile vile. Huo ni udhaifu, uko mwilini. Kasoro iko kwenye maamuzi, ni pale ambapo watu wawili wenye nguvu sawasawa wamesimama mbele ya jambo moja na huyu wako kakosea kwa namna yake, namna ambayo ukimsoma vizuri unasema aah, huyu ndo zake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wala hautoki Marekani. Fumo Liyongo. Watu wakimsimulia wanang'ang'ania ile sindano ya shaba ya kitovuni, kwamba hakuna silaha nyingine inayomuua, kama vile stori ni sindano. Sindano ni jiwe tu la kizamani. Stori ni kwamba mtu aliyekata minyororo akatoka kifungoni huku nje wanapiga ngoma, mtu ambaye mfalme wa Pate alikuwa halali kwa kumuogopa, kaulizwa na mwanawe wa kumzaa, baba kitu gani kinakuua, na akamwambia. Kwa mtoto wake hana kinga! Hapo hujamnyang'anya nguvu hata tone, hata alipokufa kapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu waliogopa kusogea kuchota maji wakidhani mzima. Nguvu zote zipo na bado unalia.

Sasa turudi kwa Superman maana najua ndo anayekutisha. Yule wa kwanza kabisa wa Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni, kwenye toleo lenye tarehe ya Juni 1938, hakuwa anapaa, alikuwa anaruka tu, mruko mmoja kama mita 200. Lakini alikuwa na tabia. Ana hasira, ana haraka, anamkamata mwanaume anayempiga mkewe anamtupia ukutani. Miezi michache baadaye kuna stori anabomoa mtaa mzima wa nyumba mbovu kwa mikono yake ili serikali ilazimike kujenga mpya. Ilijengwa kweli, na stori inamshangilia, lakini mimi kila nikiisoma nawaza hakumuuliza mtu yeyote anayeishi pale. Nia njema, na anajiona anajua kuliko wote. Hiyo ni kasoro nzuri sana ya mtu mwenye nguvu, tena ilikuwa imelala pale tangu mwanzo inasubiri mtu aiandike.

Miaka ikaenda, nguvu zikapanda mpaka akawa anasukuma sayari, na tabia ikawa inashuka, ndo waandishi wakaanza kutafuta mawe ya rangi tofauti tofauti, nyekundu, dhahabu, ili angalau kuwe na wasiwasi kidogo. Mwaka 1986 mwandishi wa komiki John Byrne akaja akampunguzia nguvu, ushauri ule ule wa rafiki yako. Ilisaidia, sikatai. Ila angalia hii, moja kati ya stori zake zinazosifiwa zaidi, All-Star Superman, matoleo 12 kati ya 2005 na 2008, imefanya kinyume kabisa, humo Superman ana nguvu kuliko wakati mwingine wowote maishani mwake, jua limemzidishia, na hilo hilo jua linamuua taratibu. Anaamua sasa amwambie Lois, mwandishi wa habari anayempenda, ukweli kwamba yeye ndo Clark, yule anayejifanya mtu wa kawaida. Na Lois hamuamini! Miaka yote kamzungusha kwa ustadi mno, kila akishuku anamtengenezea sababu nyingine, leo anataka kusema kweli na kweli yake haina mteja. Yaani anaweza kuinua chochote ulimwenguni ila hawezi kuinua neno lake mwenyewe mbele ya mtu mmoja. Huo uongo aliuchagua mwenyewe, kila siku, kwa nia njema. Mimi pale niliweka kitabu chini kwanza.

Kitu kingine ambacho wengi wanakosea, kasoro lazima igharimu. Kuna sinema moja, Superman ya 1978, ina somo zima ndani yake kwa sababu mule mule kuna tukio limefanywa sawa na lingine limeharibiwa. La kwanza, baba aliyemlea anakufa kwa moyo, ghafla tu, shambani, na kijana pale makaburini anamwambia mama yake kwamba na nguvu zake zote hizi ameshindwa kumuokoa. Hakuna adui wa kupiga, hakuna ukuta wa kuvunja. Hapo wameshinda. La pili, mwisho wa sinema, Lois anakufa, Superman anapandwa na uchungu, anavunja katazo la baba yake mzazi la kutoingilia historia ya wanadamu, anazunguka dunia mpaka muda unarudi nyuma na Lois anaishi. Kasoro hiyo hapo, kubwa, tamu, mtu kakataa kukubali msiba. Halafu? Hakuna chochote. Hakuna aliyeumia kwa muda kurudi nyuma, hakuna anayemuuliza, Lois yuko kwenye gari analalamika tu kama kawaida. Nimeitazama mara nyingi na kila mara inaniudhi, walikuwa wameshika dhahabu mkononi wakaiachia.

Linganisha na Thor kwenye sinema ya Avengers ya 2018. Ana shoka jipya, kamshukia Thanos, yule adui anayetaka kufuta nusu ya viumbe wote, wakati ule mbele yake hakuna wa kumzuia. Na anampiga kifuani. Angempiga kichwani vita ingeisha, lakini alitaka yule amtazame usoni, amjue nani kamuua na kwa nini. Kisasi, sekunde chache tu za kisasi, na nusu ya viumbe wote wakapotea. Nguvu zilitosha. Roho ndo haikutosha. Sinema iliyofuata, ya 2019, ikamuonyesha kajifungia ndani anakunywa, kanenepa, hataki kulisikia jina la Thanos, na hiyo ni kweli kabisa ya mtu aliyejichukia, sema wakaigeuza tumbo lake kuwa la kuchekesha na mimi sikulipenda hilo, huzuni ile ilistahili heshima zaidi.

Na kuna yule wa komiki ya Watchmen, Dr. Manhattan, huyu kwa nguvu anawapita karibu wote niliowataja, anagusa chembe za kitu chochote anakigeuza anavyotaka, na jana, leo na kesho anaviona kwa pamoja. Tukio lake kubwa kwangu liko Vietnam, mwenzake anampiga risasi mwanamke mjamzito na yeye kasimama pale pale anatazama. Baada ya kumuua, muuaji ndo anamgeukia kumsuta, kwamba ungeweza kuigeuza bunduki ikawa mvuke, ungeweza kufanya chochote, na hukuinua hata kidole. Msuto unatoka kwa muuaji, na ni wa kweli. Kasoro yake ni kwamba hajali tena, na kadiri anavyoweza zaidi ndivyo anavyojali kidogo. Ungempunguzia nguvu tukio lile lingekufa, angekuwa shahidi tu kama wengine.

Sasa wa kwako. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale pale, umeandika anasikia kila sauti duniani, ukaendelea zako kama umetaja rangi ya shati. Mwanangu hapo ndo pana stori! Mtu anayesikia kila kitu anaishije? Anapenda mtu, tuseme. Usiku yule mtu yuko kwao anaongea na dada yake kwa kunong'ona, na huyu wako anaweza kujizuia asisikilize, anajua sio haki, na anasikiliza. Mara moja tu. Halafu tena. Kesho yake wamekaa, anamfariji kuhusu jambo zito la nyumbani kwao, anamfariji vizuri sana kwa maneno matamu, na yule anamwangalia anasema, lakini mimi hilo sijawahi kukwambia. Chora hiyo kwa kurasa nne bila ngumi hata moja uone kama rafiki yako atakurudishia.

Au hii, sauti ni nyingi na yeye ni mmoja, kwahiyo bila kupanga kajizoesha kwenda kwa anayelia kwa nguvu zaidi. Inaonekana ni busara. Ila wapo watu wanaoumia kimya, wasiopiga kelele hata wakikatwa, hao hajawafikia hata siku moja na wala hajui kama wapo, na ndani ya nyumba yake mwenyewe yumo mmoja wa hivyo. Hilo la pili naliona gumu kuliandika ila ukiliweza utakuwa na komiki ya miaka.

Kuhusu kumgeuza jambazi nakujibu kwenye barua inayofuata maana mwenzako kaligusa.

SWALI: Mhariri habari. Mimi nasema tuache kudanganyana, mtu mwenye nguvu zote halafu mwema ni uongo wa watoto. Mpe binadamu uwezo huo lazima awe kama Homelander, yule supahiro katili wa The Boys. Ndo maana hao waovu ndo wameandikwa vizuri, wema wanaboa.
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Homelander kaandikwa vizuri, nakubali, na Antony Starr kwenye ile sirio iliyoanza 2019 kamcheza vizuri mno. Ila tazama kwa nini anakukamata. Sio uovu. Ni kwamba kalelewa maabara, hajawahi kubebwa na mama, anataka kupendwa na watu wote kwa pamoja na hajui kupendwa na mtu mmoja kukoje. Ukimtoa hiyo njaa ukabakiza macho ya moto na dharau unapata wale waigaji wake, nimewasoma wengi, wanakata watu vipande kurasa ishirini na ukifunga huwakumbuki, na wale wanaboa kuliko mwema yeyote.

Mtu mwovu na mtu mwenye kasoro sio kitu kimoja. Mwenye kasoro anajaribu, na anakwama sehemu ile ile kila mara. Wewe unasema lazima awe mbaya, mimi nauliza kwa nini lazima? Wewe mwenyewe kila siku una nguvu juu ya mtu fulani, mtoto, mdogo wako, mgonjwa unayemuuguza, na mara nyingi hukuitumia vibaya, na siku chache ukaitumia vibaya ukajuta. Mtu huyo huyo mkuze mara milioni. Hakuna uongo hapo.

Na hata ukitaka wa upande wako, mtazame Omni-Man wa komiki na katuni ya Invincible. Kamponda mwanawe mpaka hatamaniki, anamuuliza baada ya miaka mia tano hawa watu wote watakuwa wamekufa, utabaki na nini. Kijana, damu inamtoka, anamjibu kwamba atabaki na yeye, baba yake. Na yule baba, ambaye hakuna aliyeweza kumzuia, anashindwa kupiga ngumi ya mwisho, anapaa anaondoka dunia nzima huku machozi yanamtoka. Kilichomsimamisha ni upendo aliokuwa anaukana. Wewe unasema wema unaboa, na tukio linalokumbukwa zaidi kwenye stori hiyo ni wema unamchoma mtu mwovu kutoka ndani.

SWALI: Anko za kazi. Naomba nikuulize, mbona wanawake wenye nguvu kubwa kwenye hizi stori kasoro yao ni moja tu, wanachanganyikiwa, nguvu zinawazidi, wanaua watu, halafu wanauawa au wanajiua? Nina shujaa wangu wa kike anahamisha milima kwa mkono mmoja na kila ninayemuelezea ananiambia mwisho wake awe kichaa.
Dada mwandishi

JIBU: Salama dada, na umesema jambo ambalo wengi tulilitazama miaka yote bila kuliona. Huko linakotoka panajulikana. Mwaka 1980, Jean Grey wa komiki ya X-Men, nguvu ya Phoenix inamjaa, anaimeza nyota na sayari yenye watu mabilioni inakufa nayo. Waandishi wake walipanga mwishoni anyang'anywe nguvu aishi. Mhariri mkuu wa wakati ule, Jim Shooter, akakataa, akasema huwezi kuua watu wote hao halafu ukaenda nyumbani, wakachora mwisho mpya na toleo namba 137 Jean anakufa. Kwa upande mmoja namheshimu kwa hilo, alidai kasoro igharimu, ndo nililokuwa namwambia kijana wa barua ya kwanza. Kwa upande mwingine tangu hapo ikawa kama njia iliyokanyagwa, kila mwanamke mwenye nguvu anapitishwa pale pale. Wanaume wanapewa kiburi, kisasi, uongo, ukimya, uvivu wa roho. Mwanamke anapewa kichaa. Na kichaa sio hata kasoro dada, kwa sababu hajachagua, limemtokea tu, ni jiwe la kijani jingine.

Ndo maana ile sirio ya WandaVision ya 2021 ilinigusa kwa sehemu zake nzuri. Wanda amefiwa, kila mtu kamfia, anaufunika mji mzima kwa uchawi ili aishi na mume aliyekufa na watoto wasiokuwepo, na mwanzoni unaweza kusema hajui anachofanya, ila inafika mahali anajua. Wale watu wa mjini wanalala na ndoto zake mbaya, wanamuomba awaachie hata wafe, na yeye bado anatafuta sababu ya kubaki siku moja zaidi. Hiyo ni kuchagua. Nawaelewa wanaomlilia, mimi pia nilimlilia, lakini mwisho walimsamehe kwa bei ndogo, anapita katikati ya wale aliowafunga, wanamtazama kwa chuki, na mtu mmoja anamwambia hawatajua kamwe alichojinyima kwa ajili yao. Hapana. Walijinyima wao.

Kwahiyo huyo wako wa milima usimpe kichaa na usimuue. Mpe kitu kidogo kinachouma. Labda hajui kuomba msamaha, tangu utotoni kila alichovunja alikitengeneza mwenyewe kwa haraka kabla mtu hajasema, akazoea kwamba ukishatengeneza imeisha. Siku moja anahamisha mlima kuokoa kijiji, na ni kweli kakiokoa, ila chini ya mlima palikuwa na makaburi yao na hakuuliza. Anarudi na mawe mazuri anawajengea mengine kwa nusu saa, yamepangwa safi kuliko ya mwanzo, anasimama anasubiri wafurahi. Wale wazee wanamtazama tu. Yupo bibi mmoja pale anasubiri neno moja kutoka kwake, na yeye anauliza kama waongezewe ukuta. Halafu mlaze palepale kijijini, awe jirani yao, kila asubuhi akipita mlangoni kwa huyo bibi amkute kakaa nje.